Taa Nyekundu Isiyolala: Historia Fupi ya Umeme wa Kusubiri, Kutoka Mto Rusizi Hadi Sebuleni



Ndugu wasomaji, leo tunapenda kuzungumza na wazazi pamoja na watoto kuhusu jambo dogo ambalo lina historia ndefu. Katika nyumba nyingi za Kamembe, na kule Bugarama pia, usiku unapoingia na kila mtu akiwa amelala, kuna kitu kimoja ambacho hakilali. Ni ile taa ndogo nyekundu iliyo chini ya kioo cha televisheni. Nyumba nyingine ina taa ya pili kwenye dekoda, na ya tatu kwenye redio kubwa ya sebuleni. Mwenye nyumba amebonyeza rimoti, picha imepotea, naye anasema, "Nimezima."

Je, ni kweli amezima?

La, hajazima. Ameiambia televisheni isubiri. Na anayesubiri hula. Makala hii inaeleza jinsi neno "kuzima" lilivyopoteza maana yake katika muda wa miaka 60 hivi, jinsi dunia ilivyoligundua tatizo hilo, na kwa nini sisi tunaoishi kando ya mto unaozalisha umeme tuna sababu kubwa zaidi ya kulifikiria.

Zamani kuzima kulikuwa kuzima

Wazee wetu walisoma kwa koroboi, ile ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agatadowa: kopo, utambi na mafuta ya taa. Koroboi haikuwa na hali mbili. Ilikuwa inawaka, au imepulizwa. Ukiipuliza, mafuta yaliyobaki unayakuta asubuhi kama ulivyoyaacha. Mama wa nyumba alijua kiasi cha mafuta kwenye chupa, na alijua ni nani aliyekesha.

Tena kuzima taa usiku lilikuwa jambo la adabu na la usalama. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) tunaona alihimiza taa zizimwe wakati wa kulala, akitaja hatari ya panya kuuburuta utambi na kuwaunguza watu wa nyumba. Mpaka leo watu wengi wa Rwanda, wakizungumza mitaani, huuita umeme "umuriro", yaani moto. Ni jina zuri kwa sababu linatukumbusha kwamba umeme nao ni moto, ila umefichwa ndani ya waya.

Mto wetu na kazi yake

Sasa tuangalie huo moto wa waya unatoka wapi. Maji ya Ziwa Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Rusizi, ambao unashuka kwa kasi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, ilijengwa Rusizi ya Kwanza karibu na mahali mto unapotoka ziwani, kati ya Bukavu na Mururu. Uwezo wake ni karibu megawati 30. Kituo kiko upande wa Kongo, lakini Rwanda nayo imekuwa ikinunua sehemu ya umeme wake.

Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati ule ziliunda jumuiya yao ya kiuchumi, CEPGL, huko Gisenyi. Moja ya matunda yake ni kampuni ya pamoja ya umeme, SINELAC, iliyoanzishwa mwaka 1983. Kampuni hiyo ndiyo inayoendesha Rusizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989 ikiwa chini kidogo kwenye mto ule ule. Uwezo wake ni megawati 43.8, nazo hugawanywa sawa kwa sawa kwa nchi tatu. Fungu la Rwanda ni megawati 14.6. Nchi hizi zimepita katika vita na misiba mikubwa, lakini maji ya mto mmoja yameendelea kuziwashia taa zote tatu.

Kuna jambo moja ambalo watoto wetu wanapaswa kulifahamu. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaotumika saa 8 za usiku ni lazima uzalishwe saa hiyo hiyo 8 za usiku, na maji yapite kwenye mitambo saa hiyo hiyo. Kwa hiyo taa nyekundu inapowaka Kamembe, Huye au Kigali usiku wa manane, kuna maji yanayopita mahali fulani, au mafuta yanayochomwa mahali fulani, kwa ajili yake.

Kuzima kulibadilika lini?

Turudi kwenye televisheni. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilianza kuuza rimoti isiyo na waya, iliyobuniwa na mhandisi Robert Adler. Ilitumia sauti ya juu ambayo sikio la mtu haliisikii. Ilikuwa raha kubwa, lakini ilileta swali jipya. Kama chombo kinatakiwa kusikia amri ya kuwashwa kutoka mbali, ni lazima sehemu fulani ya chombo hicho ibaki macho. Askari wa zamu hawezi kuitika akiwa amelala.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Marekani ilikuja na televisheni za "kuwaka papo hapo". Televisheni za wakati ule zilitumia valvu, ambazo ni kama balbu ndogo za kioo, na valvu zilihitaji kupata moto kwanza ndipo picha itokee. Ili mteja asisubiri, watengenezaji waliziacha valvu zikiwa na joto usiku na mchana, hata televisheni ikiwa "imezimwa". Yaani watu walilipia joto la chombo ambacho hakuna aliyekitazama. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, na transista zilipochukua nafasi ya valvu, mtindo huo ukaisha.

Hata hivyo tabia yenyewe haikuisha, bali ilisambaa. Redio ikapata saa ya kidijitali. Video ikapata rimoti. Kompyuta, printa, simu ya mezani isiyo na waya, dekoda ya setilaiti, vyote vikawa na sehemu isiyolala. Pia swichi ya kuzima ikahamishwa. Zamani ilikata umeme unaoingia kwenye chombo. Katika vyombo vingi vipya ilikata umeme baada ya transfoma, hivyo transfoma yenyewe ikabaki inakula umeme na kutoa joto saa 24. Gusa chaja nzito ya kizamani iliyoachwa kwenye soketi bila simu, utaisikia ina uvuguvugu. Huo uvuguvugu ni pesa.

Hapa Rwanda televisheni ya taifa ilianza matangazo mwaka 1992. Kwa hiyo familia nyingi zilizonunua televisheni yao ya kwanza baada ya hapo hazikuijua ile ya swichi ya kuzungusha kwa mkono. Moja kwa moja zilikutana na rimoti na taa nyekundu.

Dunia inagundua

Mtu aliyelipigia kelele jambo hili kuliko wengine ni mtafiti Alan Meier wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko California. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alipendekeza lengo moja jepesi kukumbukwa: chombo chochote kinaposubiri kisile zaidi ya wati 1. Mwaka 2000 yeye na mwenzake walitoa matokeo ya kupima nyumba 10 za California. Walikuta kwamba vyombo vinavyosubiri vilikula wastani wa wati 67 kwa kila nyumba, na kwamba sehemu hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5 na 26 ya umeme wote wa nyumba kwa mwaka.

Wati 67 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 48. Familia nyingi za Rusizi hazifikishi uniti hizo kwa mwezi mzima, pamoja na taa, televisheni na pasi! Nyumba moja ya California ilizitumia kwa vyombo ambavyo havikuwa na kazi.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Shirika la Kimataifa la Nishati likaliunga mkono lengo la wati 1. Tarehe 31 Julai 2001 Rais George W. Bush alitia saini amri ya kuzitaka ofisi za serikali ya Marekani zinunue vyombo visivyozidi wati 1 vinaposubiri, pale vinapopatikana. Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni mwezi Desemba 2008. Kuanzia mwaka 2010 vyombo vipya vya nyumbani na vya ofisini visizidi wati 1, au wati 2 vikiwa na kioo cha kuonyesha saa au taarifa. Kuanzia mwaka 2013 viwango hivyo vikapunguzwa kwa nusu.

Hii ni habari njema, na tuitaje kama ilivyo. Televisheni mpya inayofuata viwango hivyo, ikiwa inasubiri tu, ni mzigo mdogo sana. Lakini ndugu msomaji, angalia sebuleni kwako. Televisheni imenunuliwa mwaka gani? Redio ilitumika Ulaya kwa miaka mingapi kabla haijafika dukani kwetu? Kanuni inayohusu vyombo vipya vinavyouzwa kule haiwezi kukifuata chombo cha kale kilichokwisha pakiwa kwenye kontena. Kile ambacho wenzetu wamekiondoa kwenye soketi zao, mara nyingi ndicho kinachoingia kwenye soketi zetu.

Somo la mwaka 2004

Huenda mtu akasema, "Wati chache zitamdhuru nani?" Tukumbuke mwaka 2004. Kaskazini mwa nchi yetu, maziwa ya Burera na Ruhondo yalipungua maji vibaya. Maziwa hayo ndiyo yanayolisha vituo vya Ntaruka na Mukungwa. Mvua zilikuwa chache, bonde la maji la Rugezi lilikuwa limekaushwa kwa ajili ya kilimo, na maji yalikuwa yakitumika kuliko yanavyoingia. Nchi ikaingia katika mgawo wa umeme.

Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli, na gharama ya mafuta ilifikia hadi dola 65,000 kwa siku. Gharama hiyo ilimfikia kila mwenye mita. Uniti moja ya Electrogaz, iliyokuwa faranga 42, ilipanda hadi zaidi ya faranga 80 mwaka 2005, na mwaka 2006 ikafika faranga 112. Kwa miaka miwili tu bei ilizidi mara mbili na nusu.

Nchi ilijifunza. Bonde la Rugezi lililindwa na kurudishiwa maji yake, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo. Electrogaz nayo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iligawa kwa wateja balbu zinazotumia umeme kidogo ili wazirudishe zile za zamani zenye joto. Balbu ni kitu kinachoonekana, na faida yake ilionekana. Umeme wa kusubiri hauonekani, hivyo ni rahisi kuusahau.

Kumbuka pia kwamba mwaka 2008 haikufika nyumba 1 kati ya 10 nchini iliyokuwa na umeme. Leo zaidi ya nusu ya nyumba zinao, alhamdulillah. Sasa fanya hesabu hii. Tuseme kila nyumba inaacha wati 15 za kusubiri. Nyumba zipatazo 970,000 zikifanya hivyo, zimemeza megawati 14.6, yaani fungu lote la Rwanda kutoka Rusizi ya Pili. Na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13.

Hesabu ya nyumba moja

Tuiache nchi, tuingie nyumbani. Tuchukue mfano wa familia yenye televisheni ya zamani inayokula wati 3 ikisubiri, redio kubwa wati 3, na dekoda wati 9. Dekoda nyingi za zamani ndizo zinazoongoza, kwa sababu hata "zikizimwa" kwa rimoti zinaendelea kufanya kazi karibu kama kawaida. Jumla ni wati 15. Vyombo hivi vikisubiri saa 20 kwa siku, kwa siku 30, vinakula uniti 9.

Uniti 9 zinaonekana chache, lakini ubaya wake uko kwenye ngazi za bei. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2020 kwa matumizi ya nyumbani, kabla ya kodi, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja. Kuanzia hapo hadi uniti 50 zilikuwa faranga 212, na zaidi ya 50 zilikuwa faranga 249. Bei zimebadilishwa tangu wakati ule, lakini utaratibu wa ngazi umebaki.

Familia yetu ya mfano ilikuwa ikitumia uniti 24 kwa mwezi. Kwa bei hizo za 2020 ililipa hivi: uniti 15 kwa 89 ni faranga 1,335, na uniti 9 kwa 212 ni faranga 1,908. Jumla faranga 3,243. Ikiziondoa zile uniti 9 za kusubiri, inabaki na uniti 15, na inalipa faranga 1,335 tu.

Umeona? Matumizi yamepungua kwa zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini malipo yamepungua kwa zaidi ya nusu. Sababu ni kwamba vyombo vilivyolala viliisukuma familia hadi kwenye ngazi ya bei ya juu. Nyumba yenye kipato kidogo ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu ile ngazi ya kwanza iliwekwa kwa ajili yake, na taa nyekundu inaimaliza kabla yake.

Tufanye nini?

1. Pimeni wenyewe. Mita za kulipia kabla, ambazo tumezizoea kwa jina la Cash Power, ni mwalimu mzuri. Usiku kabla ya kulala mwambie mtoto mmoja aandike namba ya uniti zilizobaki. Zimeni taa zote. Asubuhi aandike tena. Kama hakuna friji, tofauti hiyo karibu yote ni umeme wa kusubiri. Usiku unaofuata chomoeni vyombo, kisha mlinganishe.

2. Anzeni na vikubwa. Dekoda, redio kubwa, televisheni ya zamani, kompyuta ya mezani na printa ndivyo vya kwanza. Chaja ndogo za kisasa za simu hula kidogo sana zikiwa hazina simu. Kuzichomoa ni vizuri, lakini msidhani mmemaliza kazi.

3. Soketi zetu ni tofauti. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako walifuata mtindo wa Waingereza, soketi nyingi za ukutani zina swichi yake. Kwetu, kama ilivyo Bujumbura na Bukavu, tulirithi mtindo wa Wabelgiji, na kwa kawaida soketi haina swichi. Kwa hiyo ni kuchomoa plagi, au kununua ekstensheni nzuri yenye swichi. Vyombo vyote vya sebuleni vikae juu yake, na kidole kimoja kivizime pamoja. Shika plagi yenyewe, usivute waya. Na mikono iwe mikavu.

4. Jueni visivyozimwa. Friji isizimwe usiku kwa nia ya kuokoa pesa, chakula kitaharibika. Vifaa vya mgonjwa visiguswe.

5. Mnaponunua chombo kilichotumika, someni karatasi iliyo nyuma yake na mwulize mwenye duka kimetengenezwa mwaka gani. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini umeme wake hulipwa kila mwezi.

Mwisho, wazazi wenzangu, wapeni watoto kazi hii. Mtoto anayeandika namba za mita kila asubuhi kwa wiki moja atauelewa umeme kuliko anayeambiwa kila siku "zima, zima". Tena anaishi karibu na Mururu, ambako nyaya kubwa zinaanza safari ya kwenda Karongi na Kigali. Mwonyesheni mto, mwonyesheni nyaya, kisha mwonyesheni taa nyekundu iliyo sebuleni, ajue kwamba hivi vitatu vimeungana.

Na kesho jioni mkimaliza taarifa ya habari, wekeni rimoti chini, chomoeni plagi, kisha mlale salama in shaa Allah.